Kanada nako umeme unakatika? Nawajibu nikiwa Nyegezi

Watu wangu wa Mwanza, mko poa? Leo niko kwa mama, Nyegezi. Huyo jogoo mnayemsikia mvumilieni, nimemshindwa.

Swali ni lile lile kila video: "Kaka, eti Kanada mliambiwa mzime umeme, majuu gani hayo?" Nikijibu, mmoja ataandika najisifu, mwingine ataandika kama kugumu nirudi nivue sato. Haya, andikeni.

Kwanza hatukukatiwa. Tuliombwa tupunguze. Jumamosi ya tarehe 13 Januari 2024, niko Edmonton, nje ni kama nyuzi 35 chini ya sifuri. Jioni simu zote mle ndani zikalia kwa mpigo kama king'ora. Ujumbe wa dharura wa jimbo la Alberta: zima kisicho cha lazima, tumia maikrowevu badala ya jiko, gari usilichomeke kwanza. Umeme wa jua hakuna, limeshazama; wa upepo nao, upepo umetulia; na mitambo miwili ya kufua umeme kwa gesi ilikuwa imelala. Watu wakazima kweli, dakika chache tu matumizi yakashuka megawati 150 hivi. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nasonga ugali. Tukala mkate.

Mnaosema "si kuna gesi?" Ipo. Nyumba inapashwa kwa gesi, ila feni inayosukuma lile joto vyumbani ni ya umeme. Umeme ukienda, gesi unabaki kuitazama, na ukikaa sana mabomba ya maji yanaganda, yanapasuka. Huku Mwanza ukikatika unatoa kiti nje, unapigwa na upepo wa ziwa.

Na gari linachomekwa, ndiyo. Injini ina hita yake ya umeme, ya kuipasha iweze kuwaka, waya unaning'inia mbele ya gari kama ulimi, na kwenye baridi ile unakakamaa kama fito. Mwaka wa kwanza nilikuwa nachomeka usiku kucha. Kitu kinakula wati 400, vingine hadi zaidi ya 1,000, piga hesabu mwenyewe. Siku hizi nimeweka taima, kinawaka masaa kama matatu hivi kabla sijatoka. Kwangu inatosha. Gari lako silijui.

Sasa bili. Mama akinunua LUKU anaingiza tarakimu zake 20, anaona uniti zake, kamaliza. Mimi umeme wenyewe niliotumia haufiki nusu ya karatasi. Chini yake kuna kusafirisha, kusambaza, ada ya utawala, ada ya manispaa, kodi. Zima taa zote, baadhi ya hivyo vitakusubiri pale pale.

Halafu kampuni ilinidai amana ya dola 250 kwa kuwa sina historia ya mkopo, yaani rekodi ya kukopa na kulipa. Mkopo upi, nina wiki mbili nchini! Wakataka mkataba wa nyumba: mkataba una majina mawili, pasipoti matatu. Miezi miwili bili zikaja kwa jina la mpangaji aliyehama, na faini ya kuchelewa nikalipa mimi. Sisemi wote wako hivyo. Hayo ni yangu.

Mdogo wangu hapa anataka nimletee taima kama ile, ya friji la dukani kwake. Ya kule ni volti 120, huku 230. Nimemwambia akatafute madukani Makoroboi, hapa hapa mjini.