Nusu Kidonge kwa Miaka Mitatu

Asanteni, kaeni. Utangulizi wa moyo kushindwa ni nini nauruka, mnaujua. Naanza na kitu ambacho wauguzi na maafisa tabibu mlioko hapa mmekishika wiki hii hii: kadi ya kliniki ya mgonjwa wa moyo mkubwa anayekunywa beta bloka, zile dawa zinazotuliza kasi ya moyo. Fungua ukurasa wa dawa. Januari: kavediloli 6.25, nusu asubuhi, nusu jioni. Februari: endelea. Machi: endelea. Mwaka unapinduka, kalamu inabadilika rangi, mwandiko unabadilika, neno ni lile lile: endelea. Mwaka wa tatu sasa mtu anameza miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, dozi iliyowekwa kwa ajili ya kuuzoesha mwili kwa wiki mbili.

Hili nimelisema mara nyingi na leo nalisema tena. Mgonjwa tunampandisha kidato cha kwanza cha ngazi, tunamwacha hapo hapo, kisha tunalalamika kwamba dawa haina nguvu.

Ngazi yenyewe ya beta bloka, kwa miligramu, ni hii. Kavediloli: 3.125 mara mbili kwa siku, baada ya wiki mbili 6.25, baada ya wiki mbili nyingine 12.5, kisha 25 mara mbili. Mtu mwenye kilo zaidi ya 85 anaweza kufika 50 mara mbili. Bisoprololi inanywewa mara moja kwa siku: 1.25, 2.5, 3.75, 5, 7.5, mpaka 10, na kila kidato kisipungue wiki mbili. Metoprololi ya suksineti, ile inayoachia dawa taratibu, huanza na 12.5 au 25 na kuishia 200. Hesabu mwenyewe: kwa kavediloli, mgonjwa anayevumilia vizuri anafika juu katika wiki ya saba. Hiyo ni miezi miwili. Wa kwetu ana miaka mitatu.

Kwa nini nang'ang'ania dozi? Mwaka 1996 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti uitwao MOCHA, wagonjwa 345. Waligawanywa: wengine walipewa kidonge kisicho na dawa, wengine kavediloli ya 6.25, au 12.5, au 25, mara mbili kwa siku. EF, yaani asilimia ya damu ya chumba cha moyo inayosukumwa nje kila pigo, ile mnayoisoma kwenye cheti cha eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ilipanda kwa pointi 2 kwa wasiopewa dawa, halafu 5, halafu 6, halafu 8 kadiri dozi ilivyopanda. Waliofariki walikuwa asilimia 15.5 kwa wasiopewa dawa. Kwenye dozi mbili za chini walikuwa kama asilimia 6 na 7. Kwenye dozi ya juu walikuwa 1.1. Utafiti ulikuwa mdogo, na namba za vifo msizibebe kama msahafu, lakini mwelekeo wake unaonekana wazi.

Najua kuna atakayesema: basi hata dozi ndogo ilisaidia. Kweli, ilisaidia, ndiyo maana sisemi mgonjwa asiyeweza kupanda anyang'anywe hicho kidogo alichonacho. Lakini angalia, dozi ndogo kabisa katika utafiti ule ilikuwa 6.25 mara mbili. Nusu kidonge cha mgonjwa wako ni nusu ya hiyo dozi ndogo.

Sasa tujiulize anakwama wapi. Anakwamia kwenye mashine ya presha. Muuguzi anaona 102 kwa 68, mapigo 58, anaandika endelea. Ndugu zangu, 102 peke yake si sababu. Muulize: ukisimama unaona giza? Umewahi kuanguka? Mpime amelala, kisha amesimama dakika tatu. Kama hana dalili na mapigo yako juu ya 50, panda. Kama presha iko chini na ana kizunguzungu, usikimbilie kupunguza beta bloka. Angalia kwanza dawa nyingine ya presha isiyomsaidia moyo, amlodipini kwa mfano, uitoe. Angalia kama amekauka na furosemaidi, dawa ya kutoa maji, imezidi. Beta bloka iwe ya mwisho kuguswa.

Anakwamia pia kwenye wiki ya pili. Dawa hii inamchosha mtu mwanzoni. Miguu inaweza kuvimba, uzito ukaongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu. Mgonjwa anasema dawa mpya imenidhuru, nasi tunaiacha. Kinachotakiwa hapo ni kuongeza furosemaidi kwa siku chache na kusubiri. Nafuu ya kweli inakuja baada ya miezi mitatu mpaka sita, na hilo mgonjwa aambiwe siku ya kwanza, kwa maneno haya haya: utachoka kabla hujapona, usiache. Na usimwanzishie mtu akiwa bado na maji. Mtu wa kuanzishiwa ni yule ambaye miguu imenywea, analala bila kurundika mito, na mapafu hayatoi mlio.

Mahali pa tatu anapokwamia hapaonekani kwenye kadi, ni nyumbani. Duka lina bisoprololi ya miligramu 5 tu, umeandika 1.25, kwa hiyo ni robo. Mama wa nyumba anachukua wembe, anaweka kidonge kwenye sahani. Kidonge chenyewe ni kidogo kama punje ya choroko. Akikata mara ya kwanza zinatoka nusu mbili nzuri. Akikata mara ya pili, kipande kimoja ni kikubwa, kingine kimevunjika vitatu, na unga umebaki kwenye sahani. Leo mgonjwa kala dozi na nusu, kesho kala vumbi. Wafamasia, hapa nawategemea ninyi: kama bisoprololi ya 2.5 ipo, toeni hiyo ikatwe mara moja tu. Kama haipo, mpigieni aliyeandika aanze na kavediloli ya 6.25, inayohitaji kukatwa mara moja. Metoprololi ya kuachia taratibu inakatwa kwenye mstari wake tu, haisagwi wala haitafunwi. Na kavediloli inywewe na chakula, hata kama ni chai na kiazi, maana tumboni patupu inaingia kwa kasi na presha inashuka mtu akisimama.

Tukiwa bado dukani, kuna hili la kubadilisha dawa. "Haikuwepo, nimempa atenololi, ni familia moja." Familia moja haitoshi! Zilizothibitishwa kupunguza vifo kwa moyo wenye EF ya chini ni bisoprololi, kavediloli na metoprololi ya suksineti. Bisoprololi ilithibitishwa na utafiti wa CIBIS-II mwaka 1999: waliofariki walikuwa asilimia 11.8, dhidi ya 17.3 kwa wasioipata. Wazee wana nebivololi pia, nitaifikia. Atenololi haina ushahidi huo, propranololi haina. Hata metoprololi yenyewe iko ya aina mbili. Ile ya tatrati, ya bei nafuu, ilishindanishwa na kavediloli katika utafiti wa COMET uliochapishwa mwaka 2003. Kwa muda wa karibu miaka mitano walifariki asilimia 40 kwa tatrati na 34 kwa kavediloli. Someni boksi mpaka mwisho. Neno la pili baada ya metoprololi lina uzito kuliko la kwanza.

Haya, wagonjwa wenyewe. Katika CIBIS-II wastani wa umri ulikuwa miaka 61 na wanaume walikuwa wanne kati ya kila watano. Wagonjwa 427 waliochunguzwa Muhimbili katika utafiti wa TaHeF, uliochapishwa mwaka 2014, walikuwa na wastani wa miaka 55, na kisababishi kikubwa kilikuwa presha, asilimia 45. Kwa hiyo ni haki kuuliza kama dawa ya wale inawafaa hawa.

Swali linalokuja kila mara: si inasemekana beta bloka hazifanyi kazi kwa mtu mweusi? Hapo mambo mawili yamechanganywa. Kwa presha ya kawaida, beta bloka ikitumika peke yake kwa mtu mweusi ni dhaifu, hilo kweli, na ndiyo maana hatuanzi nayo. Kwa moyo dhaifu ni habari nyingine. Uvumi ulipata nguvu mwaka 2001, utafiti wa BEST wa Marekani ulipoonyesha kwamba bukindololi, beta bloka nyingine, haikuwasaidia wagonjwa weusi. Bukindololi ina tabia zake. Mwaka huo huo uchambuzi wa tafiti za kavediloli za Marekani ulionyesha faida ya kiwango kile kile kwa weusi na kwa wengine. Mgonjwa wako asinyimwe kavediloli kwa kosa la bukindololi.

Sasa kundi ambalo vitabu vya Ulaya vinalipa mistari miwili, na sisi ni letu. Mwaka 1948 daktari Davies alieleza kutoka Kampala ugonjwa wa kovu la ndani ya moyo. Upo Uganda, upo pwani ya Msumbiji, na wagonjwa wake wanafika kwetu wakiwa na tumbo limejaa maji. Moyo ule haukutanuka. Chumba chake kimejaa kovu, kimekuwa kidogo na kigumu. Fanyeni hesabu. Kila pigo linatoa mililita 40, na mapigo ni 100 kwa dakika: lita 4. Mililita 40 hazitaongezeka hata ukimpa moyo muda wa kujaa, kovu halitanuki. Mpe beta bloka, shusha mapigo mpaka 60: lita 2.4. Umemwondolea kitu pekee kilichokuwa kinamweka hai. Huyu anakuja na miguu imevimba na pumzi fupi sawasawa na yule wa moyo mkubwa, na ukiandika dawa kwa kuangalia miguu utamdhuru. Eko kwanza, kila mara, eko kwanza.

Hesabu hiyo hiyo itumieni kwenye valvu, ile milango ya damu ya moyo, zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Valvu ya mitrali iliyobana inapenda mapigo ya polepole, maana damu inapata muda wa kupenya. Hapo beta bloka ni rafiki, lakini kwa sababu nyingine kabisa, na haihitaji EF ya chini. Valvu ya aota inayovuja sana ni kinyume: ukirefusha muda kati ya pigo na pigo, damu inapata nafasi ya kurudi nyuma. Na mwenye EF ya kawaida, asilimia 50 na zaidi, asiye na sababu nyingine, msimpe kwa mazoea. Kwake faida haijaonekana, na uchovu anaupata.

Wazee. Nebivololi ilijaribiwa kwa wagonjwa 2,128 wenye miaka 70 na zaidi, utafiti wa SENIORS, 2005. Waliofariki au kulazwa kwa ajili ya moyo walikuwa asilimia 31.1, dhidi ya 35.3 kwa wasioipata. Umri peke yake si kizuizi. Waulizeni kuhusu dawa za macho pia, kwa sababu matone ya timololi ni beta bloka, yanaingia kwenye damu na kushusha mapigo, na hakuna anayeyataja kama dawa.

Kisukari: wapeni. Mwambie mgonjwa wa insulini kwamba sukari ikishuka, kutetemeka na moyo kwenda mbio huenda asivisikie, lakini jasho litabaki. Jasho jingi bila kazi, apime au ale kitu kitamu hapo hapo.

Mapafu. Mama aliyepikia kuni miaka 40 na sasa anakohoa, hana pumu. Huyo mpe bisoprololi, si kavediloli, na panda taratibu. Pumu ya kweli, ya mlio unaokuja na kuondoka, usianzishe zahanati, mpeleke kwa bingwa. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio: beta bloka inadhibiti kasi, lakini kupunguza vifo kwake hakujaonekana kama kwa wengine, kwa hiyo msilazimishe mapigo yashuke chini ya 70. Mama aliyejifungua akapata moyo mkubwa: metoprololi, na ananyonyesha bila shida. Mjamzito asipewe atenololi, inadumaza mtoto tumboni. Watoto: wapelekeni, msigawanye vidonge vya watu wazima kwa kilo.

Naona saa. Mawili tu. Ramadhani: anayekunywa kavediloli aimeze wakati wa futari na wakati wa daku, asiruke. Kuiacha ghafla ni hatari kuliko kuchelewa kuianza. Na mgonjwa wa TB: rifampisini inashusha kavediloli kwenye damu kwa karibu asilimia 70, kwa hiyo dozi kubwa mliyompandishia akiwa kwenye TB anaonekana anaivumilia, kumbe inayofika kwenye damu ni ndogo. Siku anamaliza TB kila mtu anampongeza, kadi inafungwa. Wiki mbili baadaye dawa ile ile inarudi na nguvu zake zote, anaamka na mapigo 44. Andikeni tarehe hiyo kwenye kadi mapema, na mpigieni simu aje apimwe mapigo.