Mbio za Wanaofika Usiku

Habari za jioni ndugu zangu, asanteni kwa kuja, naona wengine mmetoka moja kwa moja mazoezini na nywele bado mbichi, karibuni sana. Nimeombwa niongee kidogo kuhusu lile shindano letu la traiathloni ya masafa marefu, kuna ambao tulikua pamoja siku ile na kuna ambao wanajiandaa na la msimu ujao, kwahiyo naongea kama mtu anayeongea na wenzake, nikirukaruka mtanirudisha.

Kwa wageni tu: unaogelea kilomita 3.8, ukitoka majini unapanda baiskeli kilomita 180, ukishuka hapo unakimbia marathoni nzima, ile ya kilomita 42.2. Tulianza saa moja asubuhi. Mi nilivuka mstari saa tano na dakika 21 usiku, yaani masaa 16 na dakika 21, na mstari ulikua unafungwa saa sita kamili.

Nilipoambiwa niongee nilikubali haraka kwasababu kuna kitu kimenikaa rohoni tangu siku ile. Karibu kila ushauri nilioupata kabla ya mbio, video, programu, makala, kocha wa huku na wa kule, ulitoka kwa watu wanaomaliza masaa 9, 10, 11. Na ni watu wazuri, hawajanidanganya. Ila mbio zao na zangu sio mbio moja. Umbali ni uleule ndio, lakini Patrick Lange, yule Mjerumani aliyeshinda ubingwa wa dunia mwaka 2018 kule Kona, Hawaii, alimaliza kwa masaa 7 na dakika 52, sasa mi nimekaa njiani zaidi ya mara mbili ya huyo. Nimetakiwa kula kwa muda mara mbili yake, jua limenipiga muda mrefu zaidi, giza limenikuta yeye angekua ameshaoga na kulala. Hiyo ni kazi nyingine kabisa na inataka maandalizi yake.

Na ukirudi mwanzo kabisa utakuta mbio hizi zilizaliwa na watu wa namna yetu. Februari 1978, kisiwa cha Oahu, Hawaii. John Collins, afisa wa jeshi la majini la Marekani, na mkewe Judy, walichukua mashindano matatu yaliyokuwepo tayari pale kisiwani, la kuogelea, la baiskeli la kuzunguka kisiwa, na Honolulu Marathon, wakayaunganisha siku moja, ndo zikawa mbio zinazoitwa Ironman. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Wote mmesikia kuhusu Gordon Haller aliyeshinda kwa masaa 11 na dakika 46. Sawa, anastahili. Lakini angalieni orodha mpaka chini. Collins mwenyewe, aliyezitunga mbio, alitumia masaa 17 na sekunde 38. Na wa mwisho kabisa alifika baada ya masaa 21. Ingekua kikomo chetu cha leo cha masaa 17, mwenye wazo lake angeandikwa hajamaliza, kwa sekunde 38! Mi nilipoiona ile orodha mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu, nikajisikia nina nafasi kwenye huu mchezo.

Haya, tuje kwenye siku yenyewe. Kuogelea sitakukalisha sana, nilitumia saa moja na dakika 38 na kikomo kilikua masaa 2 na dakika 20, maji yalikua ya baridi tukaruhusiwa wetisuti, lile vazi la mpira la kuogelea, na kwa sisi tusio waogeleaji wetisuti ni msaada mkubwa manake inakuinulia miguu majini. Kitu kimoja tu: usianze mbele. Simama nyuma kidogo pembeni, uanze kwa pumzi yako, mateke ya watu kichwani sio sehemu ya lazima ya mchezo.

Baiskeli ndo nataka tukae hapo. Masaa 7 na dakika 50 nilikaa kwenye ile siti. Mpango wa chakula niliokua nao nilipewa na rafiki yangu anayemaliza kwa masaa 10, na nilimwamini kwa kila kitu, jeli moja (kile kipakiti cha sukari nzito ya kufyonza) kila dakika 25, kinywaji cha sukari, basi. Hesabu yenyewe ni sahihi: mwili unaweka akiba ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, kama kalori 2,000 hivi na hiyo haikutoshi hata nusu ya siku, kwahiyo lazima ule njiani, na utumbo unapokea gramu kama 60 za wanga kwa saa, ukichanganya aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi, unaweza kufika 90 kwasababu zinapita milango tofauti. Yote kweli. Ila rafiki yangu anakula vitu vitamu masaa 5 kwenye baiskeli alafu anakimbia masaa 4 kamaliza. Mi kilomita ya 130 nilikua nimeshameza jeli 14, mdomo umekua kama umepakwa gundi, nikafungua ya 15 nikaiweka mdomoni na tumbo likasema hapana. Nikaitema. Na kuanzia hapo sikula kitu kwa zaidi ya saa nzima, nikidhani ntakula nikishuka, na hilo ndo kosa lililonigharimu kuliko yote siku ile, kwasababu njaa ya kwenye baiskeli huisikii pale, unaisikia masaa mawili baadae ukiwa unakimbia na miguu imekua ya mtu mwingine.

Sasa ningejua nini? Ningejua kwamba mtu wa masaa 16 anahitaji chakula cha kutafuna na chenye chumvi, mapema, kabla sukari haijamchosha. Viazi vya kuchemsha, mkate, supu. Mazoezini nilikua sijawahi kukaa juu ya baiskeli zaidi ya masaa 6, na masaa 6 ulimi bado una uvumilivu. Saa ya saba ni nchi nyingine. Kwahiyo sasahivi nikienda mwendo mrefu nabeba cha chumvi na cha sukari, na nakula cha chumvi kwanza.

Alafu maji. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu hapa mtu anaweza kufa. Tumezoea kuambiwa kunywa, kunywa, usisubiri kiu. Kwa anayetembea polepole kwenye marathoni yenye kituo cha maji kila baada ya kilomita mbili hivi, hiyo ni hatari, manake jasho lako ni dogo kuliko la anayekimbia kasi, muda wako ni mrefu kuliko wake, vikombe unavipita vilevile, na ukinywa kila kituo unaingiza maji kuliko yanayotoka, sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, inashuka kwenye damu, ubongo unavimba. Wanaita haiponatremia. Kwenye Boston Marathon ya 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 baada ya kumaliza, asilimia 13 walikua nayo, na waliokua hatarini zaidi ni waliotumia zaidi ya masaa manne na waliomaliza wakiwa na uzito mkubwa kuliko walivyoanza. Masaa manne! Sisi hapa tunazungumzia masaa sita ya kukimbia juu ya masaa kumi mengine. Ukiona vidole vimevimba, pete inabana, kichwa kinauma na tumbo linachezacheza maji, acha kunywa na uende kwa watu wa huduma ya kwanza. Kunywa ukiwa na kiu. Na usidhani vidonge vya chumvi vinakukinga kama unaendelea kujaza maji, havikukingi.

Kuna kaka yetu mmoja yupo hapa leo, ameniruhusu niseme habari zake bila kumtaja. Yeye alipata pancha mbili. Ya kwanza akabadilisha tyubu, ya pili hakua na tyubu nyingine, akasubiri gari la mafundi, na alipofika mwisho wa baiskeli saa ilikua imepita kikomo kwa dakika 4. Saa kumi na moja na nusu ndo wanafunga. Mtu ameogelea, amepiga kilomita 180 zote, miguu bado ina nguvu ya kukimbia, anaambiwa basi. Aliniambia kuzuiwa aliweza kuvumilia, kilichomuumiza ni pale dada mmoja volantia, kwa upole kabisa, alipoinama akamfungua ile chipu ya muda kifundoni. Anasema alijisikia amevuliwa nguo. Mi nataka niseme mbele ya watu wote: huyu kwenye matokeo ameandikwa hajamaliza, sawa, sheria ni sheria na siipingi, watu wanaosimamia barabara nao wana nyumba. Lakini siku ile alifanya kazi kubwa kuliko niliyoifanya mimi mpaka saa ile, na akaja kilomita ya 35 na nguo zake za nyumbani akasimama gizani masaa mawili kutusubiri. Nilimuona. Sitasahau.

Nilishuka kwenye baiskeli saa kumi na dakika 40 jioni nikaanza kukimbia saa kumi na dakika 50. Kilomita 10 za kwanza zilienda. Ya 11 ile njaa niliyowaambia ikanikuta, nikaanza kutembea, na nilivoanza kutembea nikajua sijui kutembea. Nasema kweli. Nimefanya mazoezi miezi kumi, nimekimbia, nimeogelea, nimefanya zile za kushuka kwenye baiskeli na kukimbia hapohapo, na hakuna hata siku moja niliyofanya mazoezi ya kutembea haraka. Kutembea haraka ukiwa umechoka ni ujuzi, mikono inatakiwa ifanye kazi, hatua ziwe fupi, uangalie mbele. Mi nilikua natembea kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha, dakika 14 kwa kilomita.

Jua likazama. Hapo ndo nikajifunza baridi. Mchana mzima umelia na joto, nguo zimelowa jasho na maji uliyojimwagia, alafu unapunguza mwendo, mwili hauzalishi joto la kutosha tena, na upepo unaanza. Nilitetemeka meno. Kwenye ule mfuko unaowekewa katikati ya njia nilikua nimeweka jeli zaidi, jeli! Dada mmoja niliyekua natembea nae, hatujuani, alitoa shati kavu la mikono mirefu kwenye mfuko wake akavaa yeye, alafu akanipa lile koti jepesi alilokua nalo kiunoni. Ilikua mara yake ya tatu, ndo maana alijua. Kwenye kituo akanishikisha supu ya chumvi, akasema kunywa kidogo, subiri, kunywa kidogo. Baada ya vikombe viwili vya supu nikaanza kuona tena rangi ya vitu.

Kilomita ya 30 ilikua saa tatu na nusu usiku. Akaniuliza, unajua hesabu yako? Sikujua, nilikua nimeshajihesabu nje. Akapiga hesabu kwa sauti tukiwa tunatembea: zimebaki 12 na kidogo, mpaka saa sita tuna masaa mawili na nusu, ni dakika 150, hiyo ni dakika 12 kwa kilomita, tukitembea vizuri kwa dakika 11 tunafika na robo saa mkononi. Kutembea tu! Nilikua nimebakiza masaa mawili na nusu kichwani kwangu najiona nimeshindwa, na kumbe ilikua inatosha nitembee. Basi tukawa tunatembea taa ya barabarani moja, tunakimbia moja, mpaka kilomita ya 35 kaka yetu anatupigia makofi gizani, mpaka tunasikia spika za mwisho.

Kuna mtawa mmoja wa Marekani, Madonna Buder, mwaka 2012 akiwa na miaka 82 alimaliza Ironman Canada kwa masaa 16 na dakika 32. Chris Nikic, mtu wa kwanza mwenye Down syndrome, ile hali ya kijenetiki mtu anayozaliwa nayo, kumaliza Ironman, Florida mwaka 2020, alitumia masaa 16 na dakika 46. Saa zile ndo saa zetu. Watu hawa walipita gizani kama sisi, wakipiga hesabu kama sisi, na mi nikiangalia picha zao siku hizi naangalia wamevaa nini na mkononi wameshika kikombe cha nini.

Baada ya kupewa medali sikuondoka. Nilifunikwa blanketi nikakaa pembeni ya mstari na yule dada mpaka saa sita. Saa tano na dakika 57 aliingia baba mmoja wa makamo akiwa ameinama upande mmoja, mgongo umekataa kunyooka, na watu wote walikua wamesimama, na mshindi wa mchana nae alikuwepo amerudi kupokea watu. Saa sita kamili wakazima spika, na kuna mmoja alikua bado mita kama 300, tukamfuata tukatembea nae mpaka mwisho bila muziki.

Ndo hivo. Maswali nitajibu hapo nje kwenye chai. Na Jumamosi saa moja usiku tunaenda kutembea kilomita 15, kutembea sio kukimbia, kwa dakika 11, njooni na taa ya kichwani, shati kavu, na supu kwenye chupa. Kaka yetu ndo ataongoza.