Shangazi Mlangoni

Jamani, najua wengine mmeshanisikia mara nyingi nikilia na michango ya harusi. Leo mtanisikia tena, kwa sababu mnaendelea kuniunga kwenye magrupu bila hata hodi.

Tazameni kamati ya harusi hapa Dar es Salaam. Mwenyekiti yupo, katibu yupo, mweka hazina yupo, na kila jioni orodha inapandishwa kwenye grupu jina kwa jina: ameahidi, ametoa, anadaiwa. Halmashauri gani inakusanya mapato namna hiyo? Zamani ulikuwa na kisingizio cha kukosa nafasi ya kufika kikaoni. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, kisingizio kikafa.

“Kusaidiana ni mila yetu.” Naam, nilikuwa naisubiri hiyo. Mila ninayoikumbuka mimi, watu walikuja na mchele, na kuni, na kuku kafungwa miguu. Asiye na kitu alimenya vitunguu, akapiga vigelegele, akala pilau kama wengine. Nani aliulizwa kadi?

Mwaka jana nilikuwa mlangoni mwa ukumbi mmoja. Kijana wa suti nyeusi anaskani kadi kwa simu. Mbele yangu yuko shangazi wa bwana harusi, aliyembeba mgongoni tangu mchanga, kavaa sare ya familia, na sare yenyewe kauziwa. Simu ikatoa mlio: kadi ya singo, imeshatumika. Mumewe alikuwa ametangulia nayo. “Mama, subiri pembeni kidogo.” Shangazi akakaa kwenye kiti cha plastiki cha mlinzi, pochi mapajani. Ndani tunamsikia MC: “Makofi kwa familia ya bwana harusi!” Watu wakapiga. Nikamtafuta mwenyekiti, akaniambia sahani zimeshahesabiwa. Sahani! Mama wa watu aliingia wakati maharusi wanalishana keki, na wa kumlisha yeye hakuwepo.

Halafu mtu ananiambia bila hayo ndoa haijakamilika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 na mashahidi wasiopungua wawili. Wawili, siyo mia nne. Ukumbi haumo. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, hajatajwa, Wachaga mnisamehe.

“Mbona na wewe ulichangiwa?” Nilichangiwa, na mpaka leo nalipa. Ukifunga ndoa hapa mjini unajipatia mke na wadai kwa mpigo.

Nilikuwa na mengi ya sendofu, na kichen pati, na kadi inayosema saa 12 jioni wakati bibi harusi saa 2 usiku bado yuko saluni, lakini ndugu mwongozaji ananionyesha saa. Ma-MC nao wana siku yao. Tukishashiba tutacheza wenyewe, hatuhitaji kuamrishwa meza kwa meza.

Haya, maswali. Tuanze na mama wa mbele pale, simu yake haijatulia tangu nianze. Mweka hazina huyo, mpokelee kwanza.