Furaha Iliyokuja na Jembe Begani

Tumsifu Yesu Kristo. Mbukwenyi, mama zangu na baba zangu. Nanyi wanangu mliokuja kutoka UDOM, Chuo Kikuu chetu cha Dodoma, karibuni sana. Najua wengine Krismasi hii mtaisherehekea hapahapa, mbali na kwenu.

Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nizungumze juu ya kuwapelekea wengine furaha katika kipindi hiki cha Majilio, majuma haya ya kuisubiri Krismasi. Nimekubali kwa moyo wote, maana mimi niliwahi kupelekewa.

Kesho ni Dominika ya Tatu, tunayoiita Gaudete, yaani "furahini". Kwenye shada letu la Majilio, lenye mishumaa minne ya kuwashwa mmoja kila Dominika, mishumaa mitatu ni ya zambarau na mmoja wa waridi, na huo wa waridi ndio zamu yake kesho. Jina la Dominika hii linatokana na antifona ya mwanzo, yaani wimbo mfupi wa kufungulia Misa, maneno ya Mtume Paulo kwa Wafilipi: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Lakini je, Paulo aliyaandika akiwa wapi? Alikuwa kifungoni. Na Injili ya kesho inaanzia wapi? Gerezani pia, alikofungwa Yohana Mbatizaji, naye anawatuma wanafunzi wake wakamwulize Yesu: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Huyu ndiye aliyeruka kwa shangwe tumboni mwa mama yake aliposikia salamu ya Maria. Sasa yuko gizani, anauliza. Na Kanisa limelipanga swali lake lisomwe siku ya furaha! Jambo hilo nimelitafakari miaka mingi.

Nilivyolielewa mimi ni hivi: furaha ya Majilio ni ya mtu ambaye bado anasubiri. Kwa hiyo ukitaka kumpelekea, nenda ukasubiri naye.

Sisi wa Dodoma kusubiri tunakujua. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, milimita zisizofika 600 kwa mwaka mzima. Na hiyohiyo, ikifika Februari, mara nyingi inakatika, jua linawaka, mtama unajikunja majani. Aliyepanda na mvua za kwanza, mimea yake imeshashika mizizi, inavumilia. Aliyechelewa hata wiki moja anaweza kuambulia mabua. Ndiyo maana mvua ya kwanza ikinyesha, hapa kwetu hakuna mtu wa kumkopesha mwenzake siku.

Mwaka niliofiwa na mume wangu, mvua ilinyesha usiku, siku chache kabla ya Krismasi. Watu walikuwa wamenitendea mema mengi. Walileta mchele, mafuta, khanga, na ninawashukuru hadi leo. Asubuhi ile nilikaa mlangoni naangalia shamba, watoto wadogo, mikono haina nguvu. Nikamwona jirani yangu anakuja, jembe begani na mbegu za uwele kwenye kibuyu. Shamba lake mwenyewe hajaligusa. Hakuniambia neno la kunifariji. Alisema, "Mama, tuanzie upande gani?" Tukapanda hadi jua likawa kali, tukala mlenda wa asubuhi, tukarudi tena. Jioni nilijikuta ninaimba. Nilikuwa sijaimba tangu mazishi.

Mwanamke yule alinipa siku ambayo kwake ilikuwa na thamani kuliko gunia. Nikisoma habari za Maria kwenda kwa Elisabeti, ninamwona yeye. Luka haandiki kwamba Maria alibeba zawadi. Anaandika kwamba alikwenda kwa haraka hadi nchi ya milimani, akasalimu, akakaa kama miezi mitatu. Elisabeti alikuwa mwezi wa sita, mzee, mimba ya kwanza. Maria naye ana mimba changa na mambo yake mazito ya kufikiria. Angeweza kusema, nami nina yangu. Alikaa.

Ndiyo maana naumia nikiona tunakwenda kwa wagonjwa na kamera mbele. Tunapanga foleni ya sabuni na sukari, tunapiga picha, dakika kumi tumeondoka. Mgonjwa anabaki na sabuni. Hapa mjini tuna Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, tuna gereza la Isanga. Kuna watu kule ambao kwa muda mrefu hakuna aliyewatembelea na kuwaita kwa majina yao. Fuateni taratibu za kuwatembelea, ombeni ruhusa, nendeni wachache, kaeni.

Kuna jambo jingine ambalo huenda likatuchoma. Watu walipomwuliza Yohana, "Tufanye nini?", alisema kwanza mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Hilo tunalipenda kulihubiri. Lakini watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari aliwaambia wasimdhulumu mtu, watosheke na mishahara yao. Dodoma ya leo ni mji wa watumishi na wa ujenzi. Kuna fundi aliyemaliza ukuta wako tangu Septemba na bado unamzungusha. Kuna binti wa kazi anayelala jikoni kwako, mshahara wake wa miezi miwili umo mfukoni mwako, na wewe unapanga kumnunulia gauni la Krismasi. Mpe mshahara wake, ndugu yangu! Mpe na nauli, akamwone mama yake Kondoa au Mpwapwa. Mama wa maandazi anayekuandika kwenye daftari, kamlipe leo. Hiyo pia ni furaha, tena ni furaha ambayo ni haki yao.

Nanyi vijana, msiseme hamna kitu. Yesu aliwatuma wale wanafunzi wakamweleze Yohana waliyoyasikia na kuyaona. Mpigie bibi yako simu, msikilize mpaka amalize mwenyewe.

Nimeongea vya kutosha, na mawingu mnayaona. Kule nyuma ya zahanati kuna mzee aliyefiwa na mwanawe Oktoba, shamba lake halijalimwa. Mimi nitakwenda kwake Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Nina majembe mawili, na mbegu za uwele zipo. Anayetaka tuongozane, anikute hapa kanisani, chini ya mwarobaini.