Kuta Zikawa Nguzo, Nguzo Zikawa Kuta

Mabibi na mabwana, tukisikia hekalu la Kigiriki liligeuzwa kanisa, wengi hudhani kazi ilikuwa kutoa sanamu na kusimamisha msalaba. Lakini hekalu lilikuwa nyumba ya mungu, si ya watu. Ndani ilikaa sanamu. Madhabahu ilikuwa nje, na watu walisimama hukohuko. Kanisa linataka waumini waingie. Hapo ndipo fundi alipokuna kichwa.

Chukueni kanisa kuu la Siracusa, Sisilia. Ni hekalu la Athena la karne ya 5 KK: nguzo 6 mbele, 14 ubavuni, kila moja karibu mita 9 kwenda juu na unene wa kama mita 2 chini. Katika karne ya 7 BK mafundi waliziba nafasi kati ya nguzo kwa mawe, safu ya nje ikawa ukuta. Kisha wakatoboa kuta za chumba cha ndani, matao 8 kila upande.

Yasogeleeni matao hayo. Tao la kawaida hujengwa kwa mawe yaliyochongwa kama kabari, yakabanana. Haya yamekatwa tu ukutani: mistari ya mawe imelala vilevile hadi ukingoni mwa tao. Yanasimama kwa sababu ukuta ni mnene na mawe ni makubwa.

Mlango nao ulihama. Hekalu lilitazama mashariki. Madhabahu ya kanisa ikawekwa huko, mlango ukafunguliwa magharibi.

Tatizo ni matetemeko. Nguzo ya Kigiriki ni vipande vilivyopandanishwa bila chokaa, na ardhi ikitikisika huteleza. Ubavu wa kaskazini una nguzo zisizofuata timazi tena. Uso wa kanisa nao uliharibiwa na tetemeko la 1693. Wa leo ni kazi ya msanifu majengo Andrea Palma, karne ya 18.

Aphrodisias, mji wa kale Uturuki, nako waligeuza hekalu kuwa kanisa, lakini walifanya kinyume, na mimi naona ndio waliothubutu zaidi. Mnamo mwaka 500 hivi walibomoa kuta za ndani, mawe yake wakajengea kuta mpya nje ya nguzo. Nguzo za mbele na za nyuma zikashushwa kipande kwa kipande, zikasimamishwa upya kurefusha safu za ubavuni. Hapo hakuna kubahatisha: kipande kikigeuka kidogo, mifuo, yaani mifereji iliyochongwa kwenye nguzo, ya juu na ya chini haikutani. Hekalu lilikuwa na nguzo 8 kwa 13, yaani 38 ukizunguka lote, maana za pembeni huhesabiwa mara moja. Kanisa likapata safu mbili za nguzo 19.