Kijiko cha sukari na ndoo ya ghorofa ya nne

Wakubwa shikamooni, vijana, hamjambo. Hapa mezani kuna kijiko cha chai chenye sukari gramu 4. Pale chini kuna ndoo ya lita 20. Kwetu maji hayafiki juu na lifti imekufa siku nyingi, kwa hiyo ndoo hii naijua: ngata kichwani, mkono mmoja ukutani, mpaka ghorofa ya nne, mita 12.

Safari moja inakula vijiko vingapi? Mzee pale nyuma kanionyesha vidole vitatu. Haya, tuhesabu.

Mimi kilo 60, maji kilo 20, ndoo yenyewe tuisamehe. Dunia inavuta kila kilo kwa nyutoni 9.8, jumla 784. Zidisha kwa mita 12: jouli 9,408. Kalori moja ya chakula, ile ya kwenye pakiti ya biskuti, ni jouli 4,184. Basi kazi yangu yote ni kalori mbili na robo! Ila misuli ni mbadhirifu: katika mafungu manne ya chakula, moja hivi ndilo hunyanyua, matatu huishia joto. Ndilo hilo jasho. Kwa hiyo nimetumia kalori 9, na kijiko kina 16. Nusu kijiko na chembe.

Mnacheka. Mbona basi nikifika mlangoni nahema, hata hodi haitoki? Sikuishiwa chakula, nilikimbia. Jouli zile kwa dakika moja ni wati 157, na kinacholemewa ni moyo na mapafu kupeleka oksijeni. Nikipanda kwa dakika tatu, kazi dhidi ya mvutano haipungui hata jouli moja. Na nikisimama ngazini kupiga soga na jirani, ndoo kichwani, fizikia inasema kazi ni sifuri. Shingo yangu haikubali, nayo ina haki: msuli uliokaza unaunguza sukari hata kama hakuna kinachopanda.

Mlimani ndiko chakula huonekana. Mpagazi wa kilo 65 mwenye mzigo wa kilo 20, toka lango la Marangu, Kilimanjaro, hadi kibanda cha Kibo, si kileleni, kimo cha mita 2,850 hivi: karibu kalori 2,270 za kupanda tu. Ni unga wa ugali zaidi ya gramu 600, na baridi hatujaihesabu.

Ndiyo, dada? Kupunguza mwili kwa ngazi? Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori 7,700 hivi. Gawa kwa 9: safari 855. Na hizo ni za kupanda na ndoo. Mikono mitupu zinazidi.