Kifundo cha Mguu Kimevunjika: Je, Bado ni Imara?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, na nipo na kaka Baraka, ambaye kazi yake ni kliniki ya mifupa. Kaka, nianze na kauli ninayoisikia kila mtu akianguka: "Ningekuwa nimevunjika, nisingeweza kukanyaga."

BARAKA: Kauli hiyo imewaponza wengi, dada Zuhura. Mtu anaweza kuvunjika ule mfupa mwembamba wa upande wa nje na bado akachechemea kazini siku kadhaa. Mwingine ameteguka tu, mfupa mzima, lakini mguu umevimba na kuvilia damu hata hawezi kugusa sakafu. Uvimbe peke yake haukuambii kitu. Maumivu peke yake nayo hayakuambii.

ZUHURA: Sasa mnatofautisha vipi?

BARAKA: Kwa kidole, kwanza. Kuna kanuni zilizotolewa mwaka 1992 na madaktari wa Ottawa, Kanada, na hadi leo zinatumika karibu kila mahali. Shika kifundo chako. Unazihisi zile nundu mbili, ya ndani na ya nje? Mimi naweka kidole kwenye ukingo wa nyuma wa mfupa. Nyuma, si mbele, kwa sababu mbele ndiko kano huchanika mtu akiteguka, na pale kila mtu atalia. Naanza sentimita 6 juu ya ncha, nashuka polepole nikibonyeza mpaka nchani. Akishtuka kwa maumivu, aende eksirei.

ZUHURA: Na asiposhtuka?

BARAKA: Namwomba atembee hatua 4, hata akichechemea. Kama alishindwa palepale alipoumia na sasa anashindwa tena, eksirei. Akifaulu vipimo vyote viwili, cha kidole na cha hatua, ni nadra sana kifundo kiwe kimevunjika kwa namna ya kutia wasiwasi. Ila usimpime hivyo mtu aliyelewa, wala mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi. Huyo anaweza kukuambia hasikii chochote huku mfupa umekatika vipande. Na mtoto mdogo mpeleke tu, mifupa yake bado inakua na inahitaji jicho la pekee.

ZUHURA: Tuseme picha imetoka, na mfupa umevunjika kweli. Ndugu hapo huuliza jambo moja tu: atapasuliwa au hapasuliwi?

BARAKA: Na jibu halitokani na ukubwa wa ufa. Tunatafuta kama kifundo bado ni imara. Mifupa miwili ya mguu, mnene na mwembamba, inateremka na kukikumbatia kimfupa kilicho juu ya kisigino. Uzito wako wote unapita pale. Mwaka 1976 watafiti Ramsey na Hamilton walionyesha kwamba kimfupa hicho kikisogea nje milimita 1 tu, eneo linalogusana kwenye kiungo linapungua kwa wastani wa asilimia 42.

ZUHURA: Milimita moja!

BARAKA: Moja. Uzito uleule unabaki kubebwa na sehemu ndogo, gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, inasagika, na baada ya miaka kiungo kinakakamaa na kuuma kila asubuhi. Ndiyo maana mgonjwa akiniambia "ni ufa mdogo tu" nakataa kumjibu haraka. Nundu ya nje ikivunjika peke yake na kano za ndani zikawa salama, kifundo hakiyumbi. Huyo plasta au kiatu maalumu kinamtosha, na mara nyingi anaruhusiwa kukanyaga mapema. Ikivunjika ya nje na ya ndani, au kano zinazofunga mifupa hiyo miwili zikakatika, hapo tunazungumzia bamba la chuma na skrubu.

ZUHURA: Nimeona watu wakilalamika kwamba wamelazwa siku nyingi bila kupasuliwa. Wanadhani wametelekezwa.

BARAKA: Nawaelewa, na tunapaswa kuwaeleza vizuri zaidi. Ngozi ya kifundo ni nyembamba, haina nyama chini yake. Ukiipasua ikiwa imevimba na kung'aa, huenda usiweze kuifunga, au kidonda kikaoza. Tunasubiri tuone mikunjo midogo imerudi kwenye ngozi. Kinacholeta mikunjo hiyo ni mgonjwa mwenyewe kuinua mguu juu ya usawa wa moyo. Kuuweka kwenye stuli huku umeketi hakutoshi.

ZUHURA: Lakini kuna wasioweza kusubiri.

BARAKA: Wapo. Mguu uliopinda waziwazi, ngozi imevutika na kuwa nyeupe, au vidole vimekuwa baridi: huyo anyooshwe haraka na mtaalamu, hata kabla ya eksirei kama ngozi iko hatarini. Mfupa uliotoboa ngozi: funika kidonda kwa kitambaa safi, wahi hospitali apate antibiotiki na kinga ya pepopunda. Kwa wote, naomba sana, usivute wala kuchua. Funga gango, yaani kibao cha kuushikilia, kwenye mguu ulivyo na uondoke.

ZUHURA: Mama yangu alipofungwa plasta alilalamika usiku kucha kwamba inabana, nasi tukamwambia avumilie. Tulifanya sawa?

BARAKA: Hapana, dada, pole. Maumivu yanayozidi hata baada ya dawa na kuinua mguu, vidole kufa ganzi, kubadilika rangi au kushindwa kuvichezesha, ni safari ya hospitali usiku huohuo. Plasta inapasuliwa, hakuna hasara. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi zikikatika ghafla, tunahofia damu iliyoganda. Hiyo nayo haisubiri asubuhi.

ZUHURA: Baada ya plasta kutolewa?

BARAKA: Kwa kawaida inatolewa baada ya kama wiki 6, zaidi kwa wenye kisukari na wavutaji sigara. Watu hushtuka: shavu la mguu limesinyaa, ngozi inabanduka, kifundo kigumu. Hapo ndipo kazi inaanza. Kukunja na kunyoosha mguu, kisha kuinuka kwa vidole, kisha kusimama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na ukuta. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea kwa miezi, na si dalili kwamba umevunjika upya. Vyuma hubaki mwilini, isipokuwa vikisumbua.

ZUHURA: Na mwenye magongo akifika kwenye ngazi?

BARAKA: Ashike reli kwa mkono mmoja. Akipanda, mguu mzima utangulie. Akishuka, gongo na mguu mgonjwa vitangulie, mzima ufuate. Na siku za mwanzo, mtu asimame chini yake.